Kinaya cha Uchaguzi katika Katuni: Mfano wa The Simpsons

Aghalabu vichekesho vya televisheni vinavyohusu uchaguzi humdhihaki mgombea. Katuni ya Marekani, The Simpsons, ilichukua mkondo tofauti katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 27 Oktoba 1996, siku 9 kabla ya uchaguzi wa rais. Humo, Kang na Kodos, viumbe kutoka sayari nyingine, wanawateka Bill Clinton na Bob Dole na kuvaa sura zao. Hotuba zao ni tupu, lakini zinashangiliwa. Hata Homer anapowaumbua hadharani, hawatishiki: wanawakumbusha wapigakura kwamba mfumo ni wa vyama viwili, hivyo hawana budi kumchagua mmoja wao. Kang anashinda na kuwatia wananchi utumwani. Homer, akiwa amefungwa minyororo, anajitetea kwamba yeye alimpigia kura Kodos.

Kisemantiki, kauli hiyo ni ya kweli. Kipragmatiki, haifai kuwa utetezi, kwani Kodos hana tofauti yoyote na Kang. Kinaya kimo katika pengo hilo. Anayechekwa hatimaye si mgombea, bali ni mpigakura anayedhani kwamba kushindwa kwa mtu wake kunamwondolea lawama.