Kwa nini askari aliyejeruhiwa atunukiwe blanketi la viraka?

Tulipozungumzia askari wa Marekani waliojeruhiwa vitani, baadhi yenu mliuliza: blanketi litamsaidia nini mtu aliyepoteza mguu?

Mwaka 2003, Catherine Roberts wa jimbo la Delaware, ambaye mwanawe alikuwa vitani Iraq, aliota kijana ameketi kitandani usiku wa manane, amejikunja kwa kukata tamaa. Alipomwona tena ndotoni, kijana amejifunika blanketi la viraka, ametulia. Novemba mwaka huohuo, blanketi la kwanza lilitolewa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, kwa askari aliyepoteza mguu. Ndivyo ilivyoanza Quilts of Valor.

Kwetu kiraka ni dalili ya nguo iliyochakaa. Wanaojitolea huko hukata vitambaa vizuri, wakaviunga kwa mpangilio, wakatandika pamba katikati na kitambaa kingine chini, kisha tabaka zote 3 zikashonwa pamoja. Mara nyingi mmoja huunga, mwingine mwenye cherehani kubwa akamalizia.

Si msaada wa maskini. Askari huvishwa mabegani mbele ya watu, kama nishani. Hata waliopigana Vietnam, ambao wengi walirudi nyumbani bila kupokelewa kwa heshima, wanavishwa sasa.