Kikundi Kisiwe Sanduku la Fedha Tu



Leo nazungumzia vikundi vya kusaidiana. Nikitaja Bagamoyo sina maana ya mji ule wa kale wa pwani. Nasema kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye mvua nyingi, migomba na chai. Huko, kama kwingineko nchini, ugonjwa au msiba ukibisha hodi, anayewahi kufika ni jirani.

Jambo hili si geni kwa Wanyakyusa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao na kuishi pamoja hadi uzeeni. Alilitaja pia neno ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako. Vijiji vya marika vimekwisha; haja ya kuwa na wenzako haijaisha.

Sasa tutazame kikundi kinavyofanya kazi. Chukua vikundi vya kuweka na kukopa, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 na ambao hapa kwetu umezaa VICOBA. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kando ya hisa upo mfuko wa jamii. Kila mmoja hutia kiasi kidogo, naye akifiwa au akilazwa hospitali, hupewa.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini una kasoro moja: humsaidia anayechangia. Bibi kizee anayelea wajukuu yatima hana cha kununulia hisa, basi si mwanachama. Na kwa kuwa si mwanachama, hapati. Mwenye shida kubwa kuliko wote ndiye anayebaki nje ya mlango.

Dawa yake ipo ndani ya katiba ya kikundi. Iandikwe kwamba sehemu ya mfuko wa jamii, hata ikiwa ndogo, ni ya wasio wanachama. Anayestahili atajwe mkutanoni mbele ya wote, na kilichotolewa kiandikwe daftarini. Tena si lazima msaada uwe fedha. Kumlimia mgonjwa shamba, kumchotea maji au kumsindikiza hospitali ni huduma. Mkoani Mbeya, UKIMWI ulipovamia nyumba nyingi, palikuwa na KIHUMBE, yaani Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya. Jina lenyewe laeleza kazi: kumfuata mgonjwa alipo.

Wengine husubiri fedha za serikali. Mwaka 2018 sheria ilizitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya kuonekana vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kilichoitegemea peke yake kiliyumba. Chenye michango na daftari lake kiliendelea.

Basi, wanavikundi, mtakapokutana wiki hii, kabla ya kufunga zile kufuli tatu, ulizaneni: ni jirani gani hayumo humu, na hali yake ikoje?