Makonyo si Takataka



Wengi hutuuliza kama makonyo yanastahili taabu yake. Jibu letu ni kuwa mabaki ya zao lolote huwa mali pale tu ambapo gharama ya kuyakusanya haipiti bei yake. Tuwatazame wakulima wa korosho wa Chidya, wilayani Masasi.

Korosho huacha mabaki mawili. La kwanza ni bibo. Ni zito kuliko korosho yenyewe, lakini huanguka huku na huku chini ya mikorosho na huoza upesi. Kumlipa mtu aliokote na kulibeba mbali ni hasara. Ndiyo sababu hukamuliwa au huanikwa papo hapo.

La pili ni ganda. Hilo halitaki mwokotaji, maana hufika kiwandani pamoja na korosho. Baada ya kubanguliwa huwa kuni za tanuri, na mafuta yake makali huingia katika rangi na breki za magari. Lakini korosho ikisafirishwa ghafi, ganda nalo huenda zake ng'ambo.

Makonyo yetu ni kama ganda lile: wachambuaji wamekwisha lipwa, na rundo liko uani. Zimebaki kazi tatu: kuyaanika kwenye jamvi lake, kuyakausha hata yavunjike, na kuyatia guniani bila mchanga wala majani. Kiwanda cha Wawi, Pemba, huyatoa mafuta kwa mvuke, kiasi cha asilimia 5 ya uzito.

Yakichanganyika na karafuu hushusha daraja. Yakitupwa, tumetupa kazi tuliyokwisha ilipia.