Programu Ipi Yafaa Kugeuzia Faili za Sauti?

Chama cha Historia cha shule yetu kimekwisha kunasa kwa simu masimulizi ya wazee thelathini na mmoja wa vijiji vya jirani, nami nimepewa kazi ya kuyatunza. Mmoja wao, bibi aliyetueleza habari za mipaka ya mashamba ya zamani, amekwisha kufariki, na sauti yake haiwezi kunaswa tena. Kwa hiyo wenzangu wakiniuliza, "Programu gani nzuri ya kugeuza sauti iwe MP3?" siwezi kuwajibu kwa neno moja.

Yafaa kwanza kujua kinachogeuzwa. Faili ya WAV kwa kawaida huweka sauti yote kama ilivyopimwa. Kwa ubora wa CD, hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na dakika moja hula megabaiti kumi hivi. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, huikunja sauti hiyo hiyo hata ikabaki kama nusu, na ikikunjuliwa haikupungua kitu. Walakini MP3, na AAC ambayo simu nyingi huiweka ndani ya faili ya M4A, hutupa zile sauti ambazo sikio halizitambui sana. Ndiyo maana dakika moja ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haizidi megabaiti moja. Ni kama kupepeta mpunga, na kilichopeperushwa hakirudi. Ukigeuza MP3 kuwa WAV umepata gunia kubwa zaidi, mchele ni ule ule. Ukigeuza M4A kuwa MP3 umepepeta mara ya pili, na sasa punje nazo zaanza kwenda na makapi.

Basi programu nzuri kwangu ni ile inayoniachia faili ya asili bila kuigusa, inayoniruhusu kuchagua kilobiti mwenyewe, na inayofanya kazi bila intaneti. Hili la mwisho wengi hulidharau. Ziko tovuti zinazogeuza bure, lakini sharti kwanza uipeleke sauti kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Wazee wetu walisema mambo ya ardhi na ya jamaa zao kwa kutuamini sisi, si yeye. Tena bando huisha upesi.

Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, ni ya bure na inafaa kwa mtu anayetaka pia kukata kikohozi au kelele za kuku. Lakini katika Windows haifungui M4A mpaka iongezewe FFmpeg. VLC, ambayo wengi wanaijua kwa kutazamia sinema, nayo hugeuza sauti, ila si rahisi kuona mahali pa kuchagulia. Mimi naipenda FFmpeg yenyewe. Haina vitufe wala picha, huandikiwa amri tu, na jambo hilo huwatisha wengi bure. Amri ni mstari mmoja:

ffmpeg -i bibi.m4a -b:a 128k bibi.mp3

Kwa mazungumzo ya mtu mmoja hata kilobiti 64 zatosha, mradi sauti iwe ya njia moja. Kwa ngoma usithubutu. Kabla ya kugeuza faili zote, geuza moja, kisha uisikilize kwa spika za masikioni, maana spika ya simu huficha makosa. Sikiliza hasa makofi na kayamba: sauti ikitoka kama maji yanayochuruzika, ongeza kilobiti uanze tena kutoka faili ya asili.

Faili za asili za Chama zimewekwa katika diski mbili, moja maktabani na moja ofisini kwa Mwalimu wetu wa Historia. Mwanafunzi anayetaka masimulizi ya babu au bibi yake mwenyewe na alete kadi yake ya kumbukumbu maktabani siku ya Ijumaa baada ya masomo. Nitamtilia MP3, lakini diski haitoki.