Mngurumo na Moshi Ndhiwa

Wahenga walinena, debe tupu haliachi kuvuma. Maneno haya niliyaona kwa macho yangu Ndhiwa, penye mashamba ya miwa, anakoishi mpwa wangu.

Kijana ana Datsun 240Z, gari la jamii ile ile iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa mbio za Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Bomba la moshi lilikuwa limeoza kwa kutu.

"Mjomba, nataka bomba pana, bila sailensa, lisikike hadi Homa Bay!"

Fundi, mzee wa Kijaluo, akatikisa kichwa. Injini hii ni ya lita 2.4; bomba likizidi upana, moshi hutoka kwa uvivu na gari huchoka mlimani. Kisha akauliza, "Bibi halalamiki kichwa kumuuma humu garini?"

Mpwa wangu akanyamaza. Alikuwa akilalamika kila safari.

Fundi akatuonyesha mpira wa mlango wa nyuma, umekatika. Gari likienda, upepo huurudisha moshi ndani. Na humo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu, imuuayo mtu akidhani ni usingizi.

Basi likatiwa bomba la inchi mbili na nusu, sailensa ikabaki, mkia ukapitishwa nje ya bampa, na mpira ukawa mpya. Sauti ikatoka nzito, yenye adabu. Nikakumbuka wosia wa Luqman kwa mwanawe, nikatabasamu.

Jioni bibi alikwenda na gari hadi Homa Bay na kurudi. Kichwa hakikumuuma.