Urekebishaji wa Mwendo wa Saa Kongwe za Mkono

Saa ya mkono isiyotumia betri huendeshwa na kamani, yaani utepe wa feleji uliokunjwa ndani ya kikopo kidogo, ambao ukishatiwa ufunguo hujikunjua polepole na kuzungusha msururu wa magurudumu yenye meno. Kasi ya msururu huo hutawaliwa na gurudumu la mizani, linaloyumba huku na huku likirudishwa na kamani ya pili, nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za katikati ya karne ya 20 mapigo huwa 18,000 kwa saa moja, na katika mitambo mingi ya Seiko 5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, huwa 21,600.

Kitale na Bungoma ni miji ambamo saa za namna hii bado hurithiwa, na fundi saa mwenye meza yake barazani ndiye mwalimu wa karibu zaidi wa mtu anayetaka kuzitengeneza kama uraibu. Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kufungua mfuniko na kusukuma kiwiko chenye alama za kuongeza na kupunguza, ambacho hufupisha au kurefusha sehemu ya kamani nyembamba inayofanya kazi, ilhali saa inachelewa kwa sababu mafuta yamekauka. Kiwiko huuficha ugonjwa huo, hakiuponyi.

Usafishaji, basi, hutangulia, nao unahitaji subira kuliko nguvu. Uma mdogo unaozuia na kuachia magurudumu una vipande viwili vya yakuti ya kutengenezwa, ambavyo katika saa nyingi hushikiliwa na gundi ya shelaki, na kwa kuwa gundi hiyo huyeyuka katika spiriti, uma ukiloweshwa humo mawe hulegea na saa huharibika zaidi ya ilivyoletwa. Mafuta ya cherehani, ambayo wengi huyakimbilia kwa kuwa hupatikana kila duka, husambaa mbali na mahali yalipotiwa. Yale ya saa hutiwa kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko punje ya ulezi, na kamani nyembamba haitiwi mafuta kamwe, kwa sababu mizunguko yake ikigandana saa hukimbia mno.

Baada ya hayo ndipo mwendo hupimwa, kwa siku nzima, saa ikiwa imelazwa kisha ikiwa imesimamishwa, kwani uzito wa gurudumu la mizani huathiri kila mkao kwa namna yake. Hewa nyepesi ya Kitale, mji ulio juu kuliko Bungoma kwa takriban mita 500, huiharakisha saa kidogo, lakini tofauti za mikao kwa kawaida huizidi athari hiyo. Saa ya miaka 50 inayopoteza dakika moja kwa siku imekosea sekunde 60 katika 86,400, kiasi kisichofika moja katika elfu, na chombo kama hicho kinastahili heshima kabla kiwiko chake hakijasukumwa tena.