Dereva, Rubani na Kadi ya Mtandao

Kadi ya mtandao haifanyi kazi peke yake. Kati yake na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, sharti iwepo programu inayozigeuza amri za mfumo kuwa ishara ambazo kadi huzielewa. Kiingereza huifananisha programu hiyo na dereva. Kifaransa, lugha ya masomo katika Chuo Kikuu cha Kisangani, huifananisha na rubani. Mwanafunzi wa Kisangani asomaye maelezo yaliyoandikwa Dar es Salaam hana budi kutambua kuwa dereva na rubani hapa ni kitu kimoja (ingawa kwa Waswahili wa Kongo mwendesha gari ni shoferi).

Miongoni mwa mambo ambayo dereva huruhusu yarekebishwe, linaloponza mafundi wengi ni namna ya mazungumzo. Kadi ya megabiti 100 kwa sekunde huweza kusema na kusikiliza kwa zamu, kama watumiaji wa fonia za misheni, au kufanya yote mawili kwa pamoja, kama wenye simu. Kwa kawaida seva na swichi hupatana zenyewe. Taabu huzuka pale fundi anapoilazimisha seva itumie namna ya pili, na swichi akaiacha itafute mapatano. Swichi hutambua kasi, lakini namna ya mazungumzo haiwezi kuitambua, hivyo hushika ile ya zamu. Seva husema wakati wowote. Swichi huona imeingiliwa, na data hupotea hata ikabidi zitumwe upya. Kosa hili lina hila, kwani jaribio dogo la mawasiliano hufaulu, ilhali faili kubwa husuasua na lawama hutupiwa kampuni ya intaneti.

Amri ya ethtool, ikifuatwa na jina la kadi, mathalani eth0, huonyesha hali ilivyo. «ethtool -s eth0 autoneg on» hurejesha mapatano. Lakini amri hiyo hudumu hadi seva izimike tu. Kisangani hupata umeme kutoka kituo cha maporomoko ya Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya 1950, na umeme huo hukatika mara kwa mara. Ikiwa kosa limeandikwa katika faili ya mipangilio ya mtandao, umeme ukirudi nalo hurudi. Kwa hiyo faili hiyo ndiyo ya kusahihishwa kwanza.